Plasta kwenye Mkono Usioguswa

Mama yangu alichanjwa, tena si mara moja. Kisha damu yake ikapimwa, ikasema hajawahi kuchanjwa.

Hapo nikajua kuna mtu ananichezea akili. Na nilikuwa na hakika kwamba mtu huyo ni daktari.

Wadau, hii kitu nimekaa nayo moyoni muda mrefu. Nawaona humu mnavyoraruana, eti daktari ana haki au hana haki ya kumwambia mgonjwa "chanja kwanza ndipo nikupasue." Nimesoma matusi yenu yote. Mengine niliyatoa mimi kabla yenu, uso kwa uso, kwenye korido ya hospitali, watu wanatazama. Kwa hiyo someni mpaka mwisho ndipo muanze kuchapa.

Mama yangu ni fundi cherehani. Sare za shule ndiyo kazi yetu. Yeye anakata, mimi naunganisha. Ananiita Pini, kwa sababu nilipokuwa mdogo nilipenda kubana pini kwenye midomo kama yeye, na alinichapa kwa hilo mpaka akachoka.

Mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Baba alituacha zamani, na simzungumzii.

Kingine mjue: mama ni wa kushoto. Mkasi wake hauazimiki. Fundi mwingine akiushika anakata kitambaa kama mlevi anayetafuta mlango.

Figo zake zilianza kugoma polepole. Kwanza miguu ikavimba, tukasema ni kukanyaga cherehani kutwa nzima. Halafu uso. Halafu pumzi. Tulipofika hospitali tukaambiwa figo zimebaki jina tu.

Akaanza kusafishwa damu kwa mashine.

Walimfanyia operesheni ndogo wakamuunganishia mshipa kwenye mkono wa kulia, ili ule wa kushoto ubaki wa kazi. Ukiweka kidole juu ya ule mshipa unausikia unatetemeka, kama cherehani ya umeme uliyosahau kuizima. Kuanzia siku hiyo mkono wa kulia ukawa wa mashine. Haupimwi presha. Hautolewi damu. Haubebi hata kikapu. Manesi walitukaririsha hivyo mpaka tukawa tunaota.

Mashine inasaidia, sikatai. Lakini mama alikuwa anaingia mle ndani akiwa mtu, anatoka akiwa nguo iliyokamuliwa. Nilikuwa namshika kwapani namtembeza hadi getini, na kila wiki alikuwa mwepesi zaidi.

Daktari wa figo tulimpa jina Bwana Subiri, maana neno hilo lilikuwa halimtoki mdomoni. Siku moja akatuambia: "Dawa ya kudumu ni kupandikizwa figo. Akipatikana ndugu wa kumtolea."

Nikapimwa. Tukaendana.

Nililia kwa furaha pale pale kwenye kiti, makamasi yananitoka. Mama hakulia. Alisema neno moja.

"Hapana."

Hapana kavu, bila maelezo. Nikambembeleza njia nzima, ikabaki hapana ile ile. Basi nikaenda kwa mjomba, kaka yake mkubwa, ambaye mama hajawahi kumpinga mbele za watu. Mjomba akaitisha kikao sebuleni kwake. Viti havikutosha, wengine wakakaa chini.

"Wewe ukifa kwa ukaidi," mjomba akamwambia, "huyu mtoto ataishije? Ajilaumu mpaka anaingia kaburini? Hilo ndilo pendo lako?"

Mama alitazama watu wote mmoja mmoja. Akatazama zulia.

"Haya," akasema. "Mmeshinda."

Nikamrukia nikamkumbatia. Mikono yake ikashuka ubavuni mwangu, ikatulia pale, huku na huku. Nilidhani ananipima gauni. Ni tabia yake, hawezi kumshika mtu bila kumpima.

Tukarudi kwa Bwana Subiri kifua mbele. Akatupangia vipimo, akatueleza chakula, kisha akasema kabla ya upasuaji mama lazima apate chanjo. Ya homa ya ini, na nyingine kadhaa.

Mama akainua kichwa. Alikuwa hajakiinua tangu tuingie.

"Nisipochanja?"

"Sitaweza kukupasua, mama."

"Kabisa?"

"Kabisa."

"Basi mimi sichanji," akasema, akachukua mkoba wake.

Wadau, nilizima kama simu iliyoisha chaji. Huyu ni mwanamke aliyenikokota kwa kila chanjo ya utotoni, naruka na kupiga mateke. Watoto wa majirani wenye mama wavivu aliwabeba yeye. Mlio wa mtoto anayechomwa haukumtisha kabisa. Leo anasema "siku hizi wanaweka vitu humo," na ananisikilizisha sauti za kwenye simu, jamaa fulani asiyejulikana anapiga kelele kuhusu sindano.

"Mama, tangu lini unamsikiliza huyu mtu?"

"Tangu nianze kuumwa."

Nilijaribu kila lugha. Nikabembeleza, nikanuna, nikagoma kula. Alikuwa ananisogezea sahani na kusema, "Kula, utaumwa na wewe." Basi.

Nikaona mchawi wangu ni daktari. Kama mama kagoma na daktari kakaza, lazima mmoja alegee, na mama yangu namjua. Nikamfuata Bwana Subiri koridoni, wagonjwa wamejipanga kwenye mabenchi.

"Nani amekupa mamlaka ya kumlazimisha mtu sindano?" nikamwuliza. "Mwili si ni wake?"

"Ni wake. Ndiyo maana sijamchoma kwa nguvu."

"Lakini unamwacha afe!"

"Dada, subiri nikueleze..."

"Usiniambie subiri!"

Akasubiri yeye. Alikuwa mtu mrefu, macho yamechoka, koti lina wino mfukoni. Nilipoishiwa pumzi akaongea taratibu.

"Nikimwekea figo yako, mwili wake utaiona mgeni na utataka kuifukuza. Kwa hiyo nitampa dawa za kuilaza kinga ya mwili. Hizo dawa hazichagui, zinailaza yote. Ugonjwa ambao wewe unaupona kitandani utammaliza. Na nikimchanja wakati kinga imeshalala, chanjo haitashika vizuri. Inatakiwa ishike kabla."

"Na kama yuko tayari kubahatisha?"

"Hatabahatisha peke yake. Meza ziko mbili, na kwenye ile nyingine utalala wewe. Nikukate, nitoe figo nzima, kisha mama afe kwa kitu ambacho ningeweza kukizuia? Nitakujibu nini?"

"Figo ni yangu. Nikitaka kuitupa, naitupa!"

"Ukitaka kuitupa," akasema, "usiitupe kwa kisu changu."

Hapo nikawaka. Nilimwita muuaji. Nilimwita mfanyabiashara wa sindano. Mengine siyaandiki, kuna watoto humu. Mlinzi akaja akanishika mkono, mzee wa watu, ananiambia kwa upole "twende mwanangu, twende," na mimi bado napiga kelele.

Nikazunguka hospitali nyingine. Wenye uwezo wa kupandikiza wakanipa sharti lile lile. Wengine wakasema hiyo kazi hawafanyi kabisa. Mjomba akawa kila jioni anapiga simu kusema tumshitaki daktari, lakini kila nikimwuliza tumshitaki wapi, anasema mtandao unasumbua.

Na huku mama anaisha.

Siku moja alikata kola za sare zote upande mmoja. Zote. Rundo zima. Mtu ambaye alikuwa anakata akiwa anapiga soga na kutazama nje. Alipoona alichofanya akakaa kwenye kigoda, ameuweka mkasi mapajani. Nikazikusanya zile kola nikaenda kuzificha nyuma ya pazia, kisha nikakaa huko huko nyuma ya pazia nikalia na kitambaa mdomoni asinisikie.

Alinisikia.

"Pini. Toka huko."

Nikatoka.

"Acha kulia. Nitachanja."

Nilimwangukia miguuni. Akasema ana sharti: ataenda na shoga yake, Mama Vifungo, yule anayeuza vifungo na zipu ng'ambo ya barabara. Wataenda kituo cha afya cha jirani. Mimi nibaki na kazi, kola hazitajikata zenyewe.

"Mimi si mtoto wa kushikwa mkono," akasema.

Walipoondoka nilikuwa naimba peke yangu kama chizi. Waliporudi, mama akapandisha mkono wa blauzi akanionyesha. Plasta, na katikati kitone cha damu. Niliibusu ile plasta, wadau. Niliibusu.

Chanjo ile hutolewa kwa awamu, na kati ya awamu na awamu ni kungoja. Tukangoja. Mama alikuwa anatapika, analala, anaenda kwenye mashine, anarudi. Kila awamu ikifika anaenda na Mama Vifungo, anarudi na plasta. Jioni naibandua mimi mwenyewe taratibu, asiumie.

Ya mwisho ilipopita nikaenda kwa Bwana Subiri. "Haya, umeshinda," nikamwambia. Hakufurahi wala hakununa. Akasema atapima damu aone kama chanjo imeshika.

Haikushika. Hakuna hata alama.

"Mnawachoma watu maji!" nikamfokea. "Mama yangu ameoza kwenye foleni yenu, kumbe mnampa maji!"

"Subiri, dada. Wagonjwa wa figo wengine mwili wao unachelewa kuitikia. Tupime tena, ikibidi tutaongeza dozi."

Tukaenda maabara. Aliyekuwa zamu alikuwa kijana mgeni, mcheshi, anaongea sana. Akachukua ule mpira wa kubana mkono, akashika mkono wa mama wa kulia.

Mama akauvuta kama kaguswa na moto.

"Huo hauguswi, baba. Huo ni wa mashine. Hata sindano ya chanjo hawapigi hapo."

"Samahani mama, samahani," kijana akasema, akazunguka upande wa pili.

Mimi nikabaki nimesimama katikati ya maabara.

Hata sindano ya chanjo hawapigi hapo.

Zile plasta. Zote nilizobandua. Zilikuwa mkono wa kulia, juu, karibu na bega. Nilikuwa nikimkalisha kitandani upande wa ukutani, ananipa bega la kulia, na mimi kwa furaha yangu ya kijinga naangalia plasta, siangalii mkono.

Nesi gani angechoma mkono ule?

Hakuna. Lakini mama ni wa kushoto. Mkono wake unaojua sindano ni wa kushoto, na mkono wa kushoto hauwezi kujichoma wenyewe. Unachoma wa kulia.

Nilimtazama. Alikuwa ananitazama tayari. Alishajua kwamba nimejua.

"Pini," akasema.

Nikatoka. Sikumbuki jinsi nilivyofika kwa Mama Vifungo, nakumbuka tu nimesimama mbele ya meza yake na vifungo vimemwagika, sijui ni mimi niliyevimwaga.

"Mlikuwa mnaenda wapi?"

Mama Vifungo ni mtu wa maneno mengi. Siku hiyo aliinama tu kuokota vifungo.

"Mlikuwa mnaenda wapi, mama?"

"Hapa," akasema mwishowe. "Tulikuwa tunakaa hapa nyuma, tunakunywa chai. Kisha anachukua sindano yangu ya kushonea, anajidonoa, anabandika plasta. Nilimwambia mwenzangu huu ni wazimu. Akaniapisha nisiseme."

"Anaogopa nini kwenye chanjo? Si tuliambiwa kila kitu?"

Akanitazama kwa huruma ambayo mpaka leo naichukia.

"Mwanangu, mama yako haogopi chanjo hata kidogo. Hataki figo yako."

Nikakaa chini. Barabarani kabisa, watu wananiruka.

"Alisema hapana, mkamwitia kikao," akaendelea. "Angewapinga wote wale? Kisha daktari akasema bila chanjo hapasui. Akaja hapa anacheka siku ile. Anacheka, mwanangu! Akaniambia, nimepata mlango."

Sasa sikilizeni nilichofanya, mnicheke.

Nilikimbia kurudi kwa Bwana Subiri. Kwenye korido ile ile, mbele ya mabenchi yale yale. Nikapiga magoti.

"Dokta, mlazimishe. Mwandikie amri. Mwambie ni sheria, mwambie chochote. Mchanje akiwa kwenye mashine, hatajua. Nakuomba."

Nikamweleza yote, nalia, maneno hayanyooki. Alichuchumaa tukawa macho kwa macho.

"Dada, siku zote umekuwa ukiniambia sina haki ya kumlazimisha mtu."

"Nilikosea."

"Hapo hukukosea. Mimi naweza kukataa kumpasua mtu ambaye hajachanjwa, kwa sababu kisu ni changu na lawama ni yangu. Lakini siwezi kumpasua mtu ambaye hataki. Chanjo ningeweza kuidai. Hili la kukubali kwake siwezi kulidai, na wewe huwezi kunipa ruhusa kwa niaba yake."

"Kwa hiyo?"

Kwa mara ya kwanza hakusema subiri.

"Nenda kaongee naye," akasema.

Nilimkuta nyumbani, anajaribu kupitisha uzi kwenye tundu la sindano, uzi unamkwepa. Nikauchukua nikaupitisha mimi. Hatukusalimiana.

"Kwa nini usiseme?"

"Nilisema. Nilisema hapana, ukaniitia kikao."

Nikafunga fundo kwenye uzi, nikamrudishia sindano.

"Nilikushona mwenyewe tumboni mwangu, Pini," akasema. "Ukatoka mzima, hakuna mshono hata mmoja. Leo nikufumue ili nipate kiraka? Na nikifa nacho? Na hiyo moja itakayobaki ikigoma kama zangu, nani atakupa? Huna ndugu. Sikukuzalia ndugu."

"Mimi ndiye ninayetoa. Si uniulize mimi?"

"Na wewe uliniuliza?"

Tuligombana, wadau. Tuligombana vibaya. Nilimwambia ananiua. Akaniambia ninamwaibisha. Kisha akachoka, akalala palepale kwenye vitambaa, na mimi nikakaa pembeni nimeuwekea kidole ule mshipa wake, nausikia unavyotetemeka.

Asubuhi sikumbembeleza. Nilimwuliza tu kama anataka uji.

Ilipita wiki ndipo akasema, akiwa amenipa mgongo anatafuta chaki yake: "Nipeleke nikachanjwe. Kweli kweli. Sijasema nimekubali hiyo figo yako. Nataka tu siku nikikataa, iwe nimekataa mimi, si sindano."

Nilienda naye. Nesi akamchoma mkono wa kushoto. Kesho yake ulimuuma, hakuweza kushika mkasi, akacheka mpaka akakohoa: "Mmenilemaza nyote." Nilikuwa sijasikia kicheko kile muda mrefu.

Awamu ya pili tukaenda pia. Siku hiyo njiani akaniuliza, kama anauliza bei ya kitambaa, kovu la mtoaji linakaa wapi. Nikamwonyesha ubavuni. Akaweka kiganja pale. Akasema, "Blauzi italifunika."

Nililibeba neno lile nyumbani kama yai. Blauzi italifunika. Ndiyo ile? Ilikuwa ndiyo?

Awamu ya mwisho hakuifikia.

Moyo wake ulisimama asubuhi moja, mezani pake pa kukatia, kabla sijafungua madirisha. Chaki ilikuwa imevunjika chini ya kiti. Bwana Subiri alikuja mazishini, akasimama nyuma kabisa. Nikamfuata nikamshika mkono.

Kwa hiyo mnapobishana humu kama daktari ana haki, mimi msinitag. Yule alikuwa na sababu, akanieleza mpaka mwisho, nikamtukana. Ile miezi niliyokuwa nampigia kelele koridoni ndiyo miezi ambayo mama angeweza kupona, kama tungekuwa tumegombana mapema kuhusu jambo lenyewe.

Mgonjwa wako akikataa sindano, kaa naye wawili tu, zima simu, mwulize anakataa sindano au anakataa kitu kingine. Na akikujibu, usikimbilie kuitisha kikao.

Watu wananipa pole, wanasema angalau wewe umebaki mzima, figo zako zote mbili zipo. Ni kweli. Ndivyo alivyotaka yeye.

Mimi nilitaka kubaki na moja, na yeye.